Kati ya Baiolojia na Kemia: Historia ya Uchaguzi Mmoja na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Kila mwaka vijana wa Tanzania wanaomaliza kidato cha nne, pamoja na wazazi wao, hukabiliwa na swali ambalo jibu lake huweza kudumu maisha yote: kijana asome nini katika kidato cha tano na cha sita? Kwa wale wanaoelekea upande wa sayansi swali hilo aghalabu huulizwa kwa namna hii: je, wewe ni mtu wa baiolojia au ni mtu wa kemia? Watunga kamusi na wafasiri wa vitabu vya sayansi nao hulikuta swali hilohilo kwa sura nyingine, wanapolazimika kuamua kama neno fulani ni la somo hili au la somo lile.

Makala hii inakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba ukuta uliopo kati ya masomo haya mawili ni mpya kuliko tunavyodhani, na kwamba ulijengwa na mitihani na masharti ya vyuo zaidi kuliko ulivyojengwa na maumbile. Pili, kwamba nchini Tanzania mwanafunzi hukutana na ukuta huo siku ileile anapobadili lugha ya kusomea. Tatu, kwamba sisi tunaoshughulikia istilahi tumeufuata ukuta huo katika kazi yetu, na mahali pengine tumeuongezea matofali.

Ni haki msomaji aelezwe mapema kwamba mwandishi ana sababu yake ya kulishughulikia jambo hili. Alipokuwa sekondari aliipenda baiolojia na kuifaulu vizuri, lakini kemia ilimshinda. Alipotaka kuendelea na baiolojia aliambiwa kwamba bila kemia mlango huo haupo. Akasoma historia, Kiswahili na Kiingereza, akafika chuo kikuu, na leo ni mmoja wa wale wanaokaa mezani kuyajadili maneno ya masomo ambayo yeye mwenyewe hakupata kuyaendeleza. Hana malalamiko juu ya njia aliyoifuata. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kazi hii amekuja kutambua kwamba baadhi ya mambo yaliyomshinda katika kemia alikuwa akiyafahamu tayari kwa jina la baiolojia, na mengine aliyafahamu kwa Kiswahili tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni mambo yaleyale.

MASOMO HAYA YALITENGANA LINI?

Neno "baiolojia" si la kale. Lilianza kutumiwa kwa maana tunayoijua leo mwaka 1802, katika maandishi ya wataalamu wawili, Treviranus wa Ujerumani na Lamarck wa Ufaransa. Kabla ya hapo kulikuwa na elimu ya mimea, elimu ya wanyama na elimu ya miili ya wanadamu, na kila moja ilikwenda njia yake. Ya kwanza ilikuwa aghalabu mikononi mwa waganga na watengeneza dawa. Wazo kwamba vitu vyote vyenye uhai vyastahili kuwa na elimu moja yenye jina moja ndilo lililokuwa jipya.

Jina la kemia lina safari ndefu zaidi. Watu wa Ulaya walilipokea kutoka kwa Waarabu, ambao waliiita elimu hiyo "kimiya". Kwa hiyo Kiswahili kilipolichukua neno "kemia" kutoka Kiingereza kililipokea neno lililokwisha kupita katika lugha ambayo sisi wenyewe tumeazima kwayo maneno mengi ya elimu hiyohiyo. Mathalani "zebaki" ni neno la asili ya Kiarabu. Hali kadhalika "kiberiti", ambalo kabla ya kuwa jina la njiti za kuwashia moto lilikuwa jina la madini ya manjano ambayo leo huitwa salfa. Mswahili wa pwani alikuwa na maneno ya kemia kabla hajawa na neno kemia.

Twaona basi kwamba elimu hizi mbili zilikuwa na asili mbalimbali. Lakini historia yake tangu mwisho wa karne ya 18 ni historia ya kukaribiana. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 na 1783, Lavoisier na Laplace wa Ufaransa walimweka mnyama mdogo ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, kisha wakalinganisha na joto linalotolewa na mkaa unaoungua. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Mwaka 1828 Mjerumani Wöhler alitengeneza katika maabara urea, kitu kinachopatikana katika mkojo, bila kuhitaji figo wala mnyama. Mwaka 1897 Mjerumani mwingine, Buchner, aliponda hamira hata isibaki seli iliyo hai, akaitumia juisi yake kuichachisha sukari. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Ikadhihirika kwamba anachokifanya mgema anapouacha tembo uchache ni kazi ya viumbe hai, na wakati huohuo ni kazi ya kemia, wala hakuna mahali ambapo ya kwanza yakoma na ya pili yaanza.

Kwa nini basi, wakati wataalamu walipokuwa wakikaribiana, shule zilitenganisha? Sababu moja ni walimu, na nyingine ni mitihani. Huko Uingereza, baiolojia iliingia katika mafunzo ya walimu kama somo moja mwanzoni mwa miaka ya 1870, kwa juhudi za T. H. Huxley aliyefundisha South Kensington mjini London. Ilipoingia, ilikuta kemia imekwisha kupata nafasi yake, vyumba vyake na walimu wake. Masomo yakapangwa kwa kufuata vyumba. Baadaye mitihani ikapangwa kwa kufuata masomo, na vyuo vikuu vikaweka masharti ya kuingilia kwa kufuata mitihani. Mtihani wa ngazi ya juu uliowekwa Uingereza mwaka 1951 ulimruhusu mwanafunzi achague masomo machache tu, aghalabu matatu. Hapo ndipo kuchagua somo moja kulipokuwa na maana ya kuliacha jingine.

YALIVYOFIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Wakati wa ukoloni wa Waingereza sayansi ya sekondari ilifika Afrika ya Mashariki ikiwa imekwisha kugawanywa, na ilifika kwa Kiingereza. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa nchi za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilifanya kazi kubwa ya kusanifisha Kiswahili kwa kutumia lahaja ya Kiunguja kama msingi. Lakini vitabu vya Kiswahili vilivyohitajika wakati huo vilikuwa hasa vya madarasa ya chini. Juu ya hapo Kiingereza kilitawala. Kwa hiyo hapakuwa na haja iliyoonekana ya kuwa na istilahi za Kiswahili za kemia au za baiolojia, kwa kuwa hapakuwa na darasa ambamo zingetumiwa.

Kabla ya kuwapo kidato cha tano na cha sita nchini Tanganyika, kijana aliyefaulu sana katika Cheti cha Cambridge alikwenda Makerere, na huko ndiko aliposoma sayansi za kumwandaa kwa udaktari, kilimo au ualimu. Inafaa kukumbuka kwamba Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wao. Alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, na miongoni mwa masomo yake yalikuwamo kemia na baiolojia pamoja na Kilatini na Kigiriki. Aliporudi alifundisha baiolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtu huyo ndiye aliyetafsiri baadaye tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Leo kijana mwenye mchanganyiko kama huo wa masomo angeambiwa kwamba hajaamua anataka nini.

Baada ya Uhuru mambo mengi yalibadilika upesi. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu kilianza mwaka 1965. Na Kitivo cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, ambacho mwaka 1984 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani lililounganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 ikaunda Baraza lake la Mitihani. Mitaala ikaandikwa upya na mitihani ikatungwa na wananchi wenyewe. Hata hivyo mgawanyo wa masomo haukuguswa, kwa kuwa vyuo vipya vilihitaji wanafunzi waliokwisha kupangwa kwa namna ileile ya zamani.

Jirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Walipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 walifuta kidato cha tano na cha sita, na watahiniwa wa mwisho wa ngazi hiyo walifanya mtihani wao mwaka 1989. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Kenya alikwenda moja kwa moja kutoka sekondari hadi chuo kikuu akiwa na masomo mengi zaidi. Jambo hili latuonyesha kwamba uchaguzi tunaouzungumzia si sheria ya elimu ya sayansi. Ni uamuzi wa wapangaji, nao waweza kupangwa vingine.

SAYANSI MOJA KWA KISWAHILI, TATU KWA KIINGEREZA

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtoto wa shule ya msingi akawa anasoma somo moja liitwalo Sayansi. Katika kitabu kimoja alijifunza mmea unavyojitengenezea chakula, chuma kinavyoshika kutu, maji yanavyochemka na mbu anavyozaliana. Hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa huu ni wa baiolojia na ule ni wa kemia.

Mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza mambo mawili humtokea kwa pamoja. Lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, na sayansi yake moja hugawanyika kuwa fizikia, kemia na baiolojia. Wengi wameandika juu ya badiliko la kwanza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa, na hadi leo Kiingereza ndicho kinachotumika kufundishia sekondari. Juu ya badiliko la pili yameandikwa machache. Kwa maoni ya mwandishi, hayo mawili hayafai kutazamwa mbalimbali. Kwa mwanafunzi wetu sayansi ni moja anapoifikiri kwa Kiswahili, na ni tatu anapoiandika kwa Kiingereza. Hapati lugha ambayo kwayo angeweza kuuliza kwa nini imegawanywa.

Mfano utafafanua. Babu wa mwandishi alikuwa mchoma chokaa katika pwani ya Kilwa. Alipanga magogo, akapanga juu yake matumbawe yaliyokaushwa, akawasha moto na kuuacha uwake hadi mawe yakawa meupe na mepesi. Kisha aliyamwagia maji, nayo yakatoa joto na mvuke, yakapasuka na kuwa unga. Unga huo ulipochanganywa na mchanga na kupakwa ukutani ulirudi kuwa mgumu kama jiwe, kama ulivyofanya katika kuta za kale za Kilwa Kisiwani. Mzee huyo aliwahi kumwambia mjukuu wake, "Hili jiwe lilikuwa hai, mjukuu wangu. Lilizaliwa baharini." Mjukuu hakuyatilia maanani maneno hayo.

Miaka baadaye, katika darasa la kemia, mjukuu alitakiwa kukariri kwa Kiingereza kwamba kalisi kaboneti ikichomwa hutoa kabonidayoksaidi na kubakiza kalisi oksidi. Kwamba oksidi hiyo ikitiwa maji hutoa joto. Na kwamba kinachopatikana, kikiachwa hewani, huinyonya kabonidayoksaidi na kurudi kuwa kaboneti. Alikosea swali hilo katika mtihani. Katika darasa la baiolojia alijifunza kwamba matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wanaotoa kalisi kaboneti katika maji ya bahari. Swali hilo alilipata. Lilikuwa jiwe lilelile, na alikuwa amelishika kwa mikono yake.

MCHEPUO NA TAHASUSI

Neno "mchepuo" lilipata nguvu katika shule zetu miaka ya 1970, wakati sekondari zilipopewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu ili elimu iambatane na kazi. Baadaye likatumika pia kwa makundi ya masomo ya kidato cha tano. Neno hili latokana na kitenzi "chepuka", kwenda kando ya njia. Ndiyo maana barabara inayozunguka mji nayo huitwa ya mchepuo. Neno "tahasusi", ambalo ndilo lililoenea sasa katika nyaraka za serikali, ni la ukoo mmoja na "hususa" na "mahsusi". La kwanza lasema kwamba mwanafunzi ameiacha njia kuu kwa muda, na huenda akairudia. La pili lasema kwamba amejifunga kwa jambo moja. Watumishi wa ofisi huyatumia yote mawili kana kwamba ni sawa, lakini mzazi anayesikiliza hupata picha mbili tofauti juu ya hatima ya mwanawe.

Majina ya tahasusi zenyewe yamebaki herufi za Kiingereza. PCM ni fizikia, kemia na hisabati. PCB ni fizikia, kemia na baiolojia. CBG ni kemia, baiolojia na jiografia. Katika orodha iliyozoeleka kwa miaka mingi mlikuwamo pia tahasusi zilizounganisha kemia na baiolojia pamoja na kilimo au lishe. Msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini ataona jambo ambalo swali la "mtu wa baiolojia au mtu wa kemia" hulificha. Kemia iliweza kusomwa bila baiolojia, kama katika PCM. Lakini baiolojia haikuweza kusomwa bila kemia. Kwa hiyo hapakuwa na uchaguzi wa kweli kati ya haya mawili. Palikuwa na lango moja, na mlinzi wa lango alikuwa kemia.

Lango hilo lilikuwa na sababu yake. Chuo cha udaktari au cha kilimo hakiwezi kumpokea mtu asiyejua dawa au mbolea ni kitu gani. Lakini masharti hayo yalipaswa kuelezwa mapema, na kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayesema kwamba anataka kuwa mganga, na kwa sababu hiyo anatia bidii yote katika baiolojia na kuipuuza kemia, hajui kwamba anaufunga mlango huku akiwa bado anaukimbilia. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza orodha mpya yenye tahasusi 65, ambayo imepanua sana uwanja wa kuchagua. Uwanja ukipanuka, haja ya maelezo yaliyo wazi huzidi.

ISTILAHI ZILIVYOUFUATA UKUTA

Sasa tuitazame kazi yetu wenyewe. Baraza lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hekima ya waandishi wa kamusi hiyo ni kwamba waliyaweka masomo matatu chini ya jalada moja. Hata hivyo, kazi ya istilahi kwa kawaida huletwa mezani kwa orodha, na kila orodha hutoka katika somo moja. Wajumbe hujadili orodha ya kemia leo na ya baiolojia baada ya miezi. Jina la somo lenyewe ni ushahidi: kamusi ya 1990 iliandika "biolojia", shule zetu leo huandika "baiolojia", na wengine wamependelea "elimuviumbe".

Mfano wa kazi iliyofanyika vizuri ni "usanisinuru". Neno hili limeunganisha "usanisi", yaani kuunda kitu kizima kutokana na vitu sahili, na "nuru". Mwanafunzi aliyejifunza usanisi katika kemia akilikuta neno hilo katika baiolojia atajua papo hapo kwamba jani ni maabara inayotumia mwanga. Neno moja limepitisha maarifa kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili.

Mfano wa kazi iliyo nzuri lakini yenye kasoro ni "kimeng'enya". Neno hili latokana na "meng'enya", kuvunja kitu vipande vidogovidogo, na ni dhahiri kwamba walioliunda walikuwa wakifikiria chakula tumboni. Katika mate ya mwanadamu kuna kimeng'enya kinachovunja wanga, na hapo neno lafaa kabisa. Lakini mojawapo ya vimeng'enya vilivyo vingi kupita vyote duniani kimo katika majani mabichi, na kazi yake ni kuinasa kabonidayoksaidi ya hewani na kuiunganisha na kitu cha jamii ya sukari. Hicho hakivunji, chajenga. Mwanafunzi wa kemia anayeelezwa kwamba kimeng'enya huharakisha badiliko la kikemia, liwe la kuvunja au la kujenga, huambiwa na neno lenyewe kinyume cha anayoambiwa na mwalimu. Neno limekwisha kuenea, na si kusudi la mwandishi kupendekeza liondolewe. Lakini maelezo yake katika kamusi yanapaswa kusahihisha kile ambacho umbo lake linapotosha.

Wale wanaoshikilia kwamba kila istilahi lazima itafsiriwe wanafaa kuitazama historia ya "oksijeni". Lavoisier aliunda jina hilo mwaka 1777 kwa maana ya kitu kinachozaa asidi, kwa sababu aliamini kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Mwaka 1810 Davy wa Uingereza alionyesha kwamba asidi inayotokana na chumvi, ileile iliyomo tumboni mwetu, haina oksijeni. Wajerumani walikuwa wamekwisha kulitafsiri jina hilo kwa lugha yao, na hadi leo neno lao lasema jambo lisilo kweli. Sisi tuliazima sauti tu, na hatukuazima kosa. Kwa upande mwingine, anayeshikilia kwamba tuazime kila kitu na atazame "asidi" na "tindikali". Mwananchi anajua tindikali ni nini na anaiogopa. Mwanafunzi anajua asidi ni nini kwa sababu ameikariri. Mara ngapi mmoja amemwambia mwingine kwamba ni kitu kimoja?

Mkanganyiko ulio mkubwa kuliko yote umo katika "upumuaji". Katika maandishi yetu neno hili hutumiwa kwa kuvuta na kutoa hewa kwa mapafu, na hutumiwa pia kwa kazi inayofanyika ndani ya seli, ambapo sukari huungana na oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, maji na nguvu. Kwa hiyo mwanafunzi hudai kwamba mmea haupumui, kwa kuwa hauna mapafu. Katika kemia anajifunza habari za kuungua na uoksidishaji, naye hajui kwamba anasoma sura ya pili ya jambo lilelile alilolitaja Lavoisier. Gesi inayotoka nayo ina majina yake: katika darasa ni "kabonidayoksaidi", na katika mazungumzo ya mazingira na tabianchi ni "hewa ukaa". Gesi hiyo hutoka katika pua ya ng'ombe, katika tanuri la chokaa na katika gari, na mtoto aweza kudhani ni gesi tatu.

Mwisho, tulichukue neno lililomshinda mwandishi mwenyewe, nalo ni "moli". Alilisikia kwa Kiingereza kama jina lisilo na asili, likifuatwa na tarakimu nyingi. Laiti mwalimu angesema kwamba moli ni idadi, kama vile dazeni ni kumi na mbili, na kama vile wafanyabiashara wa nguo wa pwani walivyohesabu kwa korija, yaani ishirini! Korija ya kanga na korija ya shuka hazina uzito mmoja, lakini idadi yake ni moja. Moli ya kaboni na moli ya chuma nazo hazina uzito mmoja, lakini idadi ya chembe zake ni moja, ila ni idadi kubwa mno, takriban 602 ikifuatwa na sifuri 21. Wazo lote la moli limo katika neno la sokoni.

HITIMISHO

Historia tuliyoieleza haidai kwamba masomo haya yaunganishwe kesho. Kuna faida katika kila mwalimu kulijua somo lake kwa kina. Lakini ukuta uliojengwa kwa ajili ya wepesi wa mitihani haufai kuwa ukuta wa lugha pia. Mwandishi anapendekeza mambo manne.

Kwanza, istilahi za sayansi zijadiliwe kwa dhana badala ya kwa orodha za masomo. Dhana kama kuungua, uchachu, asidi na nguvu ziletwe mezani mara moja tu, na wajumbe wa masomo yote wawepo. Pili, "upumuaji" libaki kwa kuvuta na kutoa hewa, na kazi ya ndani ya seli ipewe jina lake la peke yake. "Respiresheni", ambalo baadhi ya walimu hulitumia tayari, lafaa kufikiriwa. Tatu, kila kidahizo cha kamusi ya sayansi kionyeshe jina la kitu hichohicho katika somo jirani na katika kazi za wananchi, za mgema, za mhunzi na za mchoma chokaa. Nne, uandikwe mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa wazazi wa wanafunzi wa kidato cha pili, utakaoeleza kila tahasusi inadai nini na inafungua mlango gani, bila kutumia herufi za Kiingereza peke yake.

Mapendekezo haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji kwamba mwalimu, mfasiri na mtumishi wa ofisi ya elimu wakubali kuulizana neno moja kabla ya kulichapa. Kijana anayechagua kati ya baiolojia na kemia ana haki ya kujua, kwa lugha anayoiota ndoto, ni kitu gani hasa anachokichagua na ni kitu gani anachokiacha.